Dhaifu kwa Nani?

Kwa sehemu kubwa ya ujana wangu nililipwa mshahara kukidhoofisha kimelea cha tauni bila kukiua. Nilipokuja likizo Lushoto na kueleza kazi hiyo sebuleni, wajomba walinyamaza wakatazamana. Mama ndiye aliyesema: "Mwanangu, nge hata umkate mkia, mimi simlazi na mtoto." Nikacheka pamoja na wengine. Lakini kadiri nilivyozidi kukaa na kile kimelea, ndivyo nilivyoona kwamba mama aligusa jambo ambalo sisi wa maabara tulikuwa tukilipita haraka mno. Sisi tulikuwa tunamkagua nge, yeye alikuwa anamfikiria mtoto.

Chanjo yenye vimelea hai si kitu kigeni kwetu. Kila mwenye kovu dogo la BCG begani alipandikizwa bakteria hai wa jamii ya kifua kikuu, waliofubazwa na Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, kwa kuwahamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 kati ya mwaka 1908 na 1921. Matone ya polio na sindano ya surua nazo ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Mama huyohuyo alitupeleka kliniki kwa zote hizo na kadi zetu akazitunza kabatini. Kilichomshtua ni jina. Ukisema surua, mtu wa kwetu anakumbuka foleni ya kliniki. Ukisema tauni, anakumbuka makaburi.

Ilizuka wilayani kwetu mwaka 1980, ikawa inaondoka na kurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kabla haijanyamaza ilikuwa imewapata watu zaidi ya 7,000. Wengi walikuwa wanawake na watoto, yaani wanaoshinda jikoni na kulala chini. Mahindi yalihifadhiwa darini, panya wakafuata mahindi, viroboto wakawa juu ya panya, na mtoto amelala kwenye mkeka chini ya hao wote. Homa ilipanda ghafla, kichwa kikauma, kisha ukatoka mtoki kinenani au kwapani, wa kuuma kiasi kwamba mgonjwa hakubali hata shuka liuguse. Panya akifa mchana katikati ya uwanja bila kupigwa na mtu, watu wazima waliacha kazi. Sisi watoto tulikatazwa kumgusa hata kwa kijiti.

Watafiti walikuja kutoka Morogoro, kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakatega panya. Nilimwona mmoja wao ameinama juu ya beseni jeupe, amemshika panya aliyelala kwa dawa, anamchana manyoya kwa brashi, na viroboto wanadondoka mmoja mmoja kwenye lile beseni. Akawahesabu, akaandika. Mpaka siku ile sikujua kwamba kuna mtu hulipwa kuhesabu viroboto, na kwamba hesabu hiyo humwambia ni nyumba ipi ipuliziwe dawa kwanza.

Anayejua kidogo kuhusu tauni huniuliza: chanjo ya nini, na dawa zipo? Ni kweli zipo, na ni za kawaida. Lakini tauni ikishuka mapafuni huambukiza kwa pumzi, na mgonjwa asiyepata dawa ndani ya siku moja hivi baada ya dalili kuanza huwa na nafasi ndogo sana ya kupona. Mwaka 1995 huko Madagascar alipatikana mgonjwa mwenye kimelea sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, zikiwemo zile tunazozitegemea zaidi. Na mwaka 2017, kisiwa hichohicho kilihesabu wagonjwa 2,417 na vifo 209 ndani ya miezi michache, wengi wao wakiwa na tauni ya mapafu, mijini, kwenye mabasi na shuleni. Baada ya hapo swali hilo hupungua.

Chanjo ya kwanza ilikuwa ya vimelea vilivyouawa. Waldemar Haffkine aliitengeneza Bombay, akajidunga mwenyewe Januari 1897 kabla ya kumdunga mtu mwingine. Ilisaidia kiasi dhidi ya tauni ya mitoki, ilileta homa na maumivu, ilihitaji kurudiwa, na haikutegemewa dhidi ya tauni ya mapafu. Sababu yake si ngumu kueleza. Kimelea kilichokufa huuonyesha mwili sura tu. Kilicho hai huingia, huhangaika, huzaliana kidogo, hubadili mavazi kinapohisi joto la nyuzi 37, na mwili hujifunza kupambana nacho kikiwa kazini. Ndiyo maana tangu mwanzo waganga walikuwa wakitamani kilicho hai, huku wakikiogopa.

Walioshinda woga huo walikuwa Madagascar. Tauni ilitua bandarini Toamasina mwaka 1898, ikapanda nyanda za juu, na mwaka 1921 ikafika Antananarivo. Serikali ya kikoloni ya Ufaransa ikaja na mkono mzito: vijiji vikazingirwa, maiti zikatobolewa kuchukuliwa vipimo, na waliokufa kwa tauni wakakatazwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo. Kwa Wamalagasi, ambao wafu wao ni sehemu ya familia, hilo la mwisho lilikuwa pigo kuliko ugonjwa wenyewe. Katika hali hiyo, Georges Girard na Jean Robic wa Taasisi ya Pasteur walichukua mwaka 1926 kimelea kutoka kwa mgonjwa aliyefariki, wakakipa herufi EV zilizotokana na jina la mgonjwa. Wakakiotesha kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20, wakakihamisha kila mwezi kwenye chakula kipya, kwa muda wa miaka sita. Mwisho wake walikuwa na kimelea ambacho simbilisi akidungwa hafi, na baadaye akidungwa tauni kali haumwi.

Mwaka 1932 wakaanza kuwadunga watu. Katikati ya muongo huo waliochanjwa walishafika mamia ya maelfu, na wagonjwa wakapungua. Wakati uleule Louis Otten, kule Bandung kwenye kisiwa cha Java, alikuwa na kimelea chake alichokipata kwa panya, kikapoteza ukali chenyewe maabarani. Nacho kikadungwa kwa mamilioni ya watu. Huko Stavropol, Urusi, Magdalina Pokrovskaya alitengeneza cha kwake na mwaka 1939 akajidunga kabla ya wengine wote. EV ilipelekwa pia Urusi, ikakaushwa na kuwekwa kwenye vichupa, na hadi leo uzao wake hutumika huko na kwa baadhi ya majirani zake kwa wachungaji, wawindaji na wataalamu wanaoishi karibu na panya wa nyikani. Hurudiwa kila mwaka, kwa sababu kinga yake haidumu.

Napenda kuisimulia hadithi ya EV kwa sababu Girard hakujua alichokuwa amekifanya. Hakuna aliyejua. Alikuwa na subira, chombo cha baridi na simbilisi. Aliona kimelea kimedhoofika. Kilichotoka ndani yake hakukiona, na elimu ya kukiona ilikuwa bado haijazaliwa. Nisingetaka mtu amdharau kwa hilo. Tunaodharau wazee wa maabara ni sisi ambao mashine hutusomea kila kitu tukiwa tumekaa.

Mimi nilionyeshwa kwa macho. Sahani ya kwanza niliyopewa na Profesa, katika chuo kimoja cha Marekani, ilikuwa na chakula cha bakteria kilichochanganywa na rangi nyekundu ya Kongo. Kimelea cha tauni hakina haraka. Ukikipanda Jumatatu jioni, Jumanne huoni kitu. Jumatano jioni ndipo vinapotokeza vidoa vya kukodolea macho, na Alhamisi unaweza kuvihesabu. Tulikuwa tumetumia aina iliyokwisha kunyang'anywa plasmidi, yaani kijipete chake cha vinasaba vya mashambulizi, isiyoweza kumwangusha mtu, na tuliipanda kutoka kwenye kalcha kuukuu iliyosahauliwa kwenye jokofu. Profesa akainua sahani dhidi ya taa. Makoloni yalikuwa mekundu ya kukolea, kwa sababu kimelea kizima huinyonya ile rangi na kuishikilia. Katikati yake, huku na huku, kulikuwa na meupe.

"Hayo meupe," akasema, "ndiyo Girard aliyafuga miaka sita."

Koloni jeupe limepoteza kipande cha vinasaba chenye herufi 102,000 hivi. Kipande hicho kimepakana pande zote mbili na maandishi yanayofanana, na mara moja moja, kwenye kimelea kimoja kati ya kama 100,000, pande hizo hukutana, cha katikati kikachomoka na kupotea. Hakirudi. Kilichopotea kina mambo mawili makubwa. La kwanza ni uwezo wa kung'ang'ania ndani ya koo la kiroboto na kulifunga, ili kiroboto ashikwe na njaa na kuuma huku na kule. La pili ni mtambo wa kunyang'anya madini ya chuma. Hilo la pili ndilo lililokuwa riziki yangu.

Mwili wa mtu hauachi chuma kizagae. Kimefungwa kwenye damu, kimefichwa kwenye ini, na kila tone linalosafiri limebebwa na mlinzi wake. Bakteria bila chuma hazaliani. Kimelea kizima cha tauni hutoa kitu kidogo kinachokwenda kukipora chuma kwa walinzi hao na kukirudisha nyumbani. Kile chenye pengo hakina mporaji huyo. Kikidungwa chini ya ngozi huishi siku kadhaa, hushinda na njaa, mwili hukisoma, kisha chembe nyeupe hukimaliza. Kwa hiyo sheria za Marekani huruhusu aina hizo zenye pengo zishikwe kwenye maabara ya kawaida, si ile ya milango miwili na hewa ya kuchujwa. Unavaa koti, glavu, unakaa mbele ya kabati la hewa safi, unafanya kazi. Nilifanya hivyo nikiwa nasikiliza redio.

Kazi yetu ilikuwa kuongeza pengo la pili juu ya lile la kwanza, kwa kukata jeni moja tuliyoichagua wenyewe. Watu hudhani ugumu uko kwenye kukidhoofisha. Kudhoofisha ni rahisi. Ugumu ni kujua mahali pa kusimama. Tulipata aina ambazo panya hakuzitambua kabisa. Asubuhi tulimpima uzito, hakupungua. Manyoya yamelala vizuri, anakula, anakimbia. Tukafurahi. Wiki kadhaa baadaye tukampima damu na kukuta hana kingamwili za kutosha, maana kimelea kilikuwa kimefagiliwa kabla mwili haujapata sababu ya kukikumbuka. Aina nyingine ilifanya panya ajikunyate kona moja siku mbili, manyoya yamesimama, kisha ainuke. Huyo ndiye aliyekuwa na kinga kali. Nikajifunza kuishuku chanjo ya aina hii isiyoleta hata homa kidogo, na nikajifunza vilevile kumheshimu mzazi anayelalamika kwamba mtoto alichemka baada ya sindano.

Katika maabara ile alikuwepo fundi mkuu, mama wa makamo aliyekuwa hapo kabla ya maprofesa wengi. Sheria yake ilikuwa moja: juu ya meza kichupa kimoja, kimefunguliwa kimoja, kingine kibaki kwenye barafu. Wanafunzi walimcheka pembeni. Siku moja akatukalisha na kutusimulia juu ya Mulkowal, kijiji cha Punjab, ambako mwaka 1902 watu 19 walikufa baada ya kudungwa chanjo ya Haffkine kutoka chupa moja iliyoingiliwa na pepopunda. Halafu Manila, gereza la Bilibid, Novemba 1906. Richard Strong, ambaye alikwisha kujaribu chanjo hai ya tauni kwa wafungwa hapo Manila, aliwadunga wafungwa 24 chanjo ya kipindupindu. Ndani yake mlikuwa na tauni iliyo kali. Wakafa 13. Strong baadaye akawa profesa Harvard. "Wafungwa," alisema yule mama, "hakuna aliyewaita maprofesa." Tangu hapo sijamcheka mtu mwenye kichupa kimoja mezani.

Septemba 2009 habari zikaingia maabarani kwetu kabla hazijafika magazetini. Huko Chicago mtafiti wa miaka 60, mtu mzoefu, alikuwa amefika hospitali akiwa hoi kwa homa na akafariki siku hiyohiyo. Damu yake ilikuwa na kimelea cha tauni. Kikapimwa. Kilikuwa na pengo. Kilikuwa ni aina ileile tuliyokuwa tukiishika kwa koti na glavu, aina ambayo vitabu vyote vilisema haimuui mtu mzima mwenye afya. Redio ikazimwa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyezungumza kwa sauti kubwa, na kila mmoja wetu alipopata mafua alikwenda kupimwa bila kumwambia mwenzake.

Maelezo kamili yalichapishwa Februari 2011 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Marehemu alikuwa na kisukari, na alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao hemokromatosisi, ambao hufanya mwili ujilimbikizie chuma mwaka hadi mwaka, hasa kwenye ini. Hakujulikana kuwa nao. Sasa pima mwenyewe. Kimelea kimenyang'anywa mtambo wa kupora chuma, kikaingia katika mwili ambamo chuma kimefurika hata hakihitaji kuporwa. Kwa mtu yule, pengo lile halikuwepo. Mwaka 2012 watafiti wa Chicago wakachukua panya waliolimbikiza chuma kwa kurithi, wakawadunga aina za chanjo zenye pengo hilo, na panya wakafa. Panya wa kawaida waliodungwa vilevile hawakufa.

Nilirudi kusoma machapisho ya zamani kwa jicho jingine. Mwaka 1974 Karl Meyer na wenzake walichapisha matokeo yao ya EV: haikuwadhuru simbilisi, ila iliwaua baadhi ya tumbili. Makala yenyewe ilikuwa maktabani, mezani, kwenye orodha ya kila mwanafunzi, mimi nikiwemo. Tuliitaja kwenye tasnifu zetu kwa nusu sentensi na kuendelea. Sote tulikuwa tumezoea kusema "aina iliyodhoofishwa", kana kwamba udhaifu ni mali ya kimelea, kimeupokea na kuusaini. Udhaifu hauishi ndani ya kimelea peke yake. Huzaliwa pale kinapokutana na mwili fulani, wenye chuma kiasi fulani, chembe nyeupe kiasi fulani, njaa au shibe fulani. Badili mwili, umebadili chanjo.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wa Afrika Mashariki akae nami kidogo, maana jambo hili ni letu kuliko la Chicago. Ile jeni ya hemokromatosisi ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na ni adimu kwetu, na nimesikia watu wakilisema hilo kama kufunga mjadala. Haliufungi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza Afrika kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Mtoto wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara hulimbikiza chuma, kwa sababu kila chupa ya damu huja na chuma na mwili hauna mlango wa kukitoa. Madaktari wanaowahudumia wagonjwa wa namna hii wanamjua tayari ndugu wa kimelea cha tauni, Yersinia enterocolitica, ambaye kwa mtu wa kawaida huishia kuharisha, ila kwa mwenye chuma kingi huweza kuingia kwenye damu. Kisha kuna VVU. BCG, chanjo niliyoisifia hapo juu, imedungwa kwa watoto wengi kuliko wanavyohesabika, na bado mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitolewe kwa mtoto mchanga anayejulikana kuwa na VVU, kwa kuwa kile kimelea kilichofubazwa huweza kumshinda. Bakteria ni yuleyule. Mtoto ndiye tofauti.

Sasa tazama ni nani anayelipia chanjo za tauni. Fedha nyingi zilikuja baada ya mwaka 2001, Marekani ilipotishwa na barua zenye kimeta na serikali yake ikaanza kuhofia vimelea kugeuzwa silaha. Na kwa kuwa tauni huzuka huku na kule kwa wagonjwa wachache wachache, ni vigumu kuipima chanjo kwa watu wakati wa mlipuko. Kwa hiyo tangu mwaka 2002 sheria ya Marekani inaruhusu chanjo ya namna hii ithibitishwe uwezo wake kwa wanyama, halafu usalama wake upimwe kwa watu wenye afya. Sioni ubaya wa sheria hiyo. Ninachokiona ni mwili uliomo vichwani mwa waliopanga: askari kijana, ameshiba, amepimwa kila kitu. Anayeugua tauni duniani ni mama wa Ituri kule Kongo, mtoto wa nyanda za juu za Madagascar, mkulima wa Usambara. Miili hiyo haimo kwenye karatasi za maombi ya fedha. Niliziandika baadhi ya karatasi hizo, najua.

Bado mimi ni mtetezi wa chanjo hai. Zile za protini mbili tatu zilizosafishwa ni salama zaidi, ila zinahitaji sindano za kurudia, na kimelea kinaweza kuzaliwa bila protini mojawapo na kupita. Kazi nzuri inafanyika. Mwaka 2006 kundi la Massachusetts lilionyesha kwamba kimelea cha tauni kikiwa kwenye joto la mtu hubadili mafuta ya ngozi yake ili walinzi wa mwili wasikitambue. Wakakiwekea jeni ya bakteria wa tumboni inayokilazimisha kivae mafuta yale ya kutambulika, na kimelea kikali kikawa dhaifu na chanjo kwa wakati mmoja. Hilo linanivutia kuliko lolote, kwa kuwa halitegemei njaa ya chuma. Taasisi ya Pasteur, Paris, imechukua njia nyingine: kumfubaza mzazi wa tauni, Yersinia pseudotuberculosis, ambaye ni mpole zaidi na vinasaba vyake havitikisiki ovyo, ili chanjo inywewe badala ya kudungwa. Nikiulizwa, nasema pengo moja halitoshi kamwe, hata likiwa na herufi 102,000, na mapengo yawe ya namna tofauti, ili mwili ukifuta moja lingine libaki. Na majaribio ya panya yawe na panya wa chuma kingi na panya wenye kinga pungufu tangu mwanzo, kabla mtafiti hajafa.

Kuna sharti jingine ambalo halifanyiwi kazi kwenye sahani. Siku majaribio ya watu yatakapofika milimani kwetu, fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ya watu wa pale, kwenye baraza, mbele ya akina mama, na swali la kwanza liwe juu ya nani asichanjwe. Selimundu ipimwe, VVU ipimwe, damu aliyoongezewa mtu iulizwe. Itaongeza gharama. Madagascar watu walidungwa chini ya serikali iliyokuwa ikiwanyima makaburi yao, na uchungu wa jambo hilo uliingia kwenye sindano. Mama yangu hakuwa anaikataa elimu aliposema vile. Alikuwa anauliza juu ya mtoto yupi, na hilo ni swali la kisayansi.

Hadi leo chanjo ya tauni haimo kwenye ratiba ya chanjo ya Tanzania, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi wananchi wote wachanjwe, ila walio katika hatari kubwa kama wafanyakazi wa maabara na wahudumu wa afya. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa Shume, Mbulu, Karatu, Arua au Ituri: panya wakianza kufa bila sababu, usiwaokote kwa mkono, mpe taarifa mtendaji wa kijiji. Mtu akipata homa ya ghafla na mtoki, usimkate kwa wembe. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na umwambie mganga kwamba panya wamekufa. Streptomaisini, jentamaisini na doksisaiklini huitibu tauni, zikiwahi.